Tumechoka kupiga picha mbele ya mabango

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua nitoe dukuduku langu kuhusu makongamano ya wanablogu na watengeneza maudhui yanayofanyika kwenye hoteli za Dar es Salaam. Naandika blogu ya Kiswahili ya kilimo cha mbogamboga nikiwa Morogoro, na hili la karibuni nimelihudhuria kwa kiingilio kinachozidi kodi ya chumba changu ya mwezi.

Ratiba ilisema saa mbili na nusu asubuhi. Mgeni rasmi aliingia saa nne kasoro. Hotuba yake na za wadhamini zikatufikisha kwenye chai, kila mmoja akitupongeza kuwa sisi ndio sauti mpya ya taifa. Kisha likapanda jopo la uchumi wa kidijitali: meneja masoko wa kampuni ya simu, mtu wa benki, mtu wa wakala wa matangazo na mchekeshaji maarufu. Mwanablogu hata mmoja hakuwemo. Wakazungumza Kiingereza kitupu, ilhali dakika chache kabla walikuwa wakipiga soga nasi kwa Kiswahili kwenye foleni ya sambusa.

Dada mmoja aliyetoka Songea alipata kipaza sauti, akauliza swali lililotuleta wengi: mwenye blogu ndogo isiyoingiza hata shilingi anaishije na kanuni za maudhui mtandaoni? MC akamkatisha, "Muda si rafiki, dada yangu, hilo mtalimalizia kwenye chakula." Kufika wakati wa chakula, wanajopo walishaondoka, akabaki mchekeshaji anapigwa selfi.

Swali lile halikustahili kuahirishwa. Kanuni za mwaka 2018 zilipotoka, ombi la leseni lilikuwa shilingi 100,000, leseni yenyewe 1,000,000, na ada ya mwaka 1,000,000 nyingine. Anayechapisha bila leseni alikabiliwa na faini isiyopungua milioni 5, au kifungo kisichopungua miezi 12, au vyote viwili. Juni mwaka huohuo JamiiForums, pamoja na ukubwa wake kama jukwaa la mijadala mtandaoni, ililazimika kuzima mtandao wake kwa muda. Wadogo waliofunga blogu zao kimyakimya hawakuandikwa popote. Tangu hapo kanuni zimerekebishwa zaidi ya mara moja, na ndiyo maana tunamhitaji mtu wa Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) akae nasi, kanuni mkononi, atuambie nani anatakiwa kuwa na leseni leo na nani hatakiwi. Wakati wa chakula, mezani kwetu nililiuliza swali hilo. Kila mtu alikuwa na jibu lake, na wote walikuwa na uhakika!

Habari ya pesa ndiyo usiseme. Tulihimizwa "kujenga chapa binafsi". Hakuna aliyegusia kwamba kwa miaka mingi Kiswahili hakikuwemo kwenye orodha ya lugha zinazokubaliwa na AdSense, mfumo wa matangazo wa Google, hivyo aliyeandika Kiswahili fasaha alikosa hata senti za matangazo yale. Wala hakuna aliyekumbusha kwamba mwaka 2018 YouTube ilipandisha masharti ya mgawo wa matangazo hadi wafuatiliaji 1,000 na saa 4,000 za kutazamwa ndani ya miezi 12. Kijana wa Mvomero anayesubiri bando la usiku ndipo apakie video atafikaje huko? Mtu wa wakala wa matangazo alikuwa pale pale jukwaani. Angeulizwa tu: mnapogawa bajeti, blogu ya Kiswahili mnailipa kiasi gani, na mnalipa baada ya miezi mingapi?

Badala yake tukapewa kazi. Kila mapumziko tulihimizwa kupiga picha mbele ya mabango ya wadhamini na kuzirusha kwa hashtagi yao, tena kwa bando letu, maana waifai ya ukumbi iligoma tangu asubuhi. Yaani tumelipa kiingilio ili tuwatangazie biashara bure.

Sisemi mikutano haina faida. Mwaka 2005 huko Helsinki, kulikokuwa na mkutano wa utandawazi, Ndesanjo Macha, aliyekuwa tayari na blogu yake ya Jikomboe, alimwelekeza mpigapicha Issa Michuzi namna ya kufungua blogu. Blogu ya Michuzi ikaja kuwa miongoni mwa blogu zilizosomwa sana na Watanzania, wa nyumbani na wa ughaibuni. Mafunzo ya namna hiyo, ya mtu kumkalisha mwenzake mbele ya kompyuta, hayakuwa na hata nusu saa kwenye ratiba yetu.

Waandaaji, mnaotuma mialiko ya mwakani mapema hivi, wekeni hadharani majina ya watakaopanda jukwaani kabla hamjapokea pesa zetu, na nusu yao wawe watu wanaoendesha blogu. Tengeni mchana mzima wa maswali ya leseni na malipo, kwa Kiswahili, na mgeni rasmi apewe dakika kumi. Na wanaotoka mikoani wapunguziwe kiingilio, kwani nauli na gesti tunajilipia wenyewe.

Ni mimi msomaji wako,
Mwanablogu, Morogoro