Tusirudishe Posa kwa Sababu ya Nyota

Msimu wa harusi ukifika, lile neno nalo hufika: "nyota zao haziendani." Kijana ana tabia njema, wazee wamesharidhiana, mahari imetajwa, kisha anatokea shangazi na karatasi. Jina la binti na la mama yake yamehesabiwa herufi kwa herufi, imetoka nyota ya moto. Ya mwanamume imetoka ya maji. Posa inarudi. Sisi hatuliafiki jambo hili, na tunawaomba mzitazame nyota zenyewe.

Galaksi ya Andromeda ni jirani yetu. Abdulrahman al-Sufi, mtaalamu wa falaki wa Uajemi, aliieleza mwaka 964 kuwa ni kijiwingu. Pembezoni mwake, kiasi cha miaka ya nuru 130,000 kutoka kitovuni, liko fungu la nyota lenye umbo la mpira, wataalamu wanaliita G1. Liligunduliwa mwaka 1953. Darubini ya Hubble ilipolipiga picha, zilionekana nyota kongwe zisizopungua 300,000, zimesongamana, zinashikiliwa na uvutano wao wenyewe. Nuru inayotufikia kutoka huko ilianza safari miaka kama milioni 2.5 iliyopita. Wakati huo hapakuwa na alifu wala bee, seuze jina la mtu la kuhesabiwa.

Sasa tuulizane: katika hizo laki tatu, ipi ni ya Mwanaisha, na ipi imegombana na ya mchumba wake? Mpiga ramli ana mafungu kumi na mawili tu, Hamali mpaka Hutu, na kila mwanamke duniani lazima aingie humo.

Wapo watakaosema tunadharau elimu ya wazee. Hapana. Falaki ya kibla, ya nyakati za sala na ya kuandama kwa mwezi tunaiheshimu, maana wenyewe walipima. Hata umbali wa Andromeda ulijulikana kwa kupima, tena kwa kazi ya mwanamke. Henrietta Leavitt wa Marekani, aliyelipwa senti 30 kwa saa pale Harvard, alichunguza picha za nyota zinazofifia na kung'aa tena. Mwaka 1912 alionesha kwamba muda zinaouchukua kufanya hivyo unatueleza ukali wa nuru yao halisi. Edwin Hubble akaitumia kanuni hiyo miaka ya 1920 kuonesha kuwa Andromeda ni galaksi nyingine kabisa. Ile ndiyo hesabu ya nyota. Ya kwenye karatasi ya shangazi haipimi kitu, na bado inalipiwa.

Anayeumia ni binti. Posa ikirudi, mtaani hawasemi nyota, wanasema ana mkosi, na neno hilo linamtangulia kila nyumba.

Basi bibi harusi mtarajiwa, ukiletewa karatasi, waombe wazee waulize mengine. Anasali? Ana madeni? Akikasirika hufanya nini? Kama aliwahi kuoa, waliachana vipi? Hayo majibu yapo, na majirani zake wanayajua.

Na mkizitaka nyota, ngojeni Novemba, saa tatu usiku, mbali na taa. Tazameni kaskazini, karibu katikati ya upeo na utosi. Andromeda huonekana kwa macho kama ukungu mdogo, ila G1 inataka darubini kubwa. Nendeni na mabinti, na shangazi mchukueni.