Uchambuzi: Goti bandia lipi linamfaa mgonjwa wa Kampala?

Mgonjwa anayeshauriwa kubadilishiwa goti mjini Kampala hukabiliwa na maswali mawili kwa pamoja. La kwanza ni la fedha: gharama zitatoka wapi? La pili huulizwa mara chache zaidi, ingawa athari zake hudumu kwa miaka mingi: ni goti la aina gani litakalowekwa mwilini?

Maswali hayo hayatengani. Uganda ilifuta ada katika vituo vya afya vya umma mwaka 2001, lakini bado haina bima ya afya ya taifa. Muswada wa kuianzisha ulipitishwa na Bunge mwezi Machi 2021, ila haukuwa sheria. Kwa hiyo mzigo wa upasuaji mkubwa usio wa dharura huangukia familia yenyewe, na si ajabu akiba ya miaka mingi au kipande cha ardhi kikaishia katika goti moja. Mwenye kulipa kiasi hicho ana haki ya kujua ananunua nini.

Vipande vichache, miundo mingi

Goti bandia la kawaida lina sehemu tatu kuu. Mwisho wa mfupa wa paja huvikwa kofia ya metali, kwa kawaida mchanganyiko wa kobalti na kromu. Juu ya mfupa wa muundi huwekwa sahani, mara nyingi ya titani au kobalti na kromu. Kati yake hukaa kipande cha plastiki ngumu aina ya poliethilini, kinachochukua nafasi ya gegedu iliyosagika. Magoti mengi hushikizwa kwa saruji maalumu ya mifupa.

Tofauti za miundo huanzia hapo. Kuna goti linaloihifadhi kano ya nyuma ya mgonjwa mwenyewe, na lile linaloiondoa na kuweka mahali pake kigingi cha plastiki. Kuna ambalo plastiki yake imefungwa mahali pamoja na ambalo plastiki yake huzunguka kidogo. Lipo pia goti la bawaba, linalotumika zaidi pale ambapo kano zimeharibika kabisa au upasuaji unarudiwa, na goti nusu, linalobadilisha upande mmoja tu ulioathirika.

Kati ya miundo miwili ya mwanzo, iliyo ya kawaida zaidi, miongo kadhaa ya utafiti haijaonyesha pengo kubwa la maumivu au uwezo wa kutembea. Uzoefu wa daktari na muundo anaoutumia kila mara huwa na uzito kuliko jina lililo kwenye boksi.

Goti nusu ni suala jingine. Utafiti uliofanyika Uingereza kwa wagonjwa 528 na kuchapishwa mwaka 2019 uligundua kwamba baada ya miaka mitano waliopata goti nusu na waliopata goti kamili walikuwa na hali zinazokaribiana, huku goti nusu likigharimu kidogo. Lakini uchambuzi mwingine wa mwaka huohuo, uliotegemea takwimu za Australia na Finland, ulikadiria kuwa asilimia 82 ya magoti kamili hudumu miaka 25, dhidi ya asilimia 70 ya magoti nusu. Aidha, goti nusu linahitaji kano zilizo imara na uharibifu wa upande mmoja tu. Mgonjwa aliyechelewa kufika hospitali, kwa uhaba wa fedha au kwa kutumaini dawa za kutuliza maumivu, mara nyingi huwa amekwishaupoteza uchaguzi huo.

Ahadi ya kupiga magoti

Kwa wakazi wa Kampala, kipimo cha goti hakiishii kwenye kupanda ngazi. Katika mila za Buganda, mwanamke hupiga magoti kumsalimu mkubwa wake. Waislamu husujudu mara kadhaa kwa siku, Wakatoliki hupiga magoti kanisani, na katika nyumba nyingi watu huketi mkekani na kutumia choo cha shimo cha kuchuchumaa.

Mahitaji kama hayo, yanayofahamika pia Asia na Mashariki ya Kati, ndiyo yaliyowavuta watengenezaji kubuni magoti ya mkunjo mkubwa. Goti la kawaida kwa wastani hukunja nyuzi 110 hadi 120 baada ya upasuaji, kiasi kinachotosha kukaa kitini na kuinuka. Kuchuchumaa kikamilifu kunahitaji zaidi ya nyuzi 130.

Je, ahadi hiyo imetimia? Nchini Korea Kusini, utafiti uliochapishwa mwaka 2005 uliwafuatilia wagonjwa 50 waliowekewa goti la kawaida mguu mmoja na la mkunjo mkubwa mguu wa pili. Haukuona tofauti ya maana katika kukunja. Mwaka 2007, madaktari wengine wa nchi hiyo waliripoti kuwa katika magoti 72 ya mkunjo mkubwa waliyoyafuatilia, 27 yalikuwa na kofia ya paja iliyolegea katika kipindi cha wastani wa chini ya miaka mitatu. Tatizo lilionekana zaidi kwa wale walioweza kuchuchumaa na kupiga magoti. Si kila utafiti ulipata matokeo mabaya kiasi hicho, lakini onyo lilikuwa wazi: mkunjo unaoombwa unaweza kulipiwa kwa maisha ya goti lenyewe.

Ushahidi unaonyesha pia kwamba kinachotabiri vyema mkunjo wa baada ya upasuaji ni mkunjo aliokuwa nao mgonjwa kabla yake. Ukweli huo haumo katika vipeperushi vya mauzo, na daktari anapaswa kuueleza mapema ili mgonjwa na jamaa zake wajiandae, ikiwemo kusali kwenye kiti au kubadilisha choo.

Somo la bei kutoka India

Waganda wenye uwezo husafiri hadi India kwa upasuaji wa aina hii, na ni huko ambako pazia la bei lilifunuliwa. Agosti 2017, serikali ya India iliweka ukomo wa bei za magoti bandia. Goti la kobalti na kromu, linalotumika zaidi, lilishuka kutoka wastani wa rupia 158,324 hadi 54,720. Lile la mkunjo mkubwa, lililokuwa likiuzwa kwa takriban rupia 181,000, liliwekewa ukomo wa rupia 56,490.

Tofauti ya zaidi ya rupia 20,000 kati ya aina hizo mbili ilibaki chini ya 2,000. Hatua hiyo ilidhihirisha kwamba sehemu kubwa ya kilicholipwa kwa muundo "bora zaidi" ilikuwa faida ya mnyororo wa wauzaji. Ukomo huo, hata hivyo, haumlindi mgonjwa anayenunua goti Kampala.

Daftari kabla ya muundo

Pengo kubwa zaidi linaonekana goti linaposhindwa. Mwaka 2022, kampuni ya Exactech ya Marekani ilipanua agizo la kurejesha vipande vya plastiki vya magoti yake, baada ya kubainika kuwa vingi vilivyofungashwa tangu 2004 vilikuwa katika mifuko isiyozuia oksijeni ipasavyo. Plastiki iliyoingiwa na oksijeni huchakaa mapema. Zaidi ya vipande 140,000 vilikuwa vimewekwa kwa wagonjwa nchini Marekani pekee.

Muundo wa goti hilo haukuwa tatizo. Mfuko ulikuwa tatizo. Kasoro ya namna hiyo hugunduliwa na wanaohesabu. Sweden ilianza daftari la taifa la magoti mwaka 1975. Kwa wanaodhani hayo ni mambo ya nchi tajiri, Malawi ilianzisha daftari lake la viungo bandia mwaka 2005. Uganda haimo miongoni mwa nchi zinazochapisha ripoti ya taifa kila mwaka kuhusu viungo vilivyowekwa na vilivyotolewa.

Bila hesabu hiyo, mjadala wa muundo upi ni bora Kampala hutegemea takwimu za watu wengine, wenye uzito, mila na huduma za baadaye zilizo tofauti. Daftari haligharimu kama chumba cha upasuaji: huhitaji fomu, namba ya kila kipande na utashi wa hospitali za umma na za binafsi kuyaandika.

Hadi hapo, ulinzi wa mgonjwa umo katika maswali yake. Goti hili limetumika kwa miaka mingapi, na daktari ameliweka mara ngapi? Kipande cha plastiki kikichakaa baada ya miaka 15, je, cha kubadilishia kitapatikana? Na je, atakabidhiwa nakala ya vibandiko vyenye namba za vipande alivyowekewa? Karatasi hiyo ndogo ndiyo itakayomwezesha kujua, siku tangazo la kurejesha bidhaa litakapotolewa, iwapo linamhusu.