Indianapolis: mwenye uwanja asishike mizani

Mwezi wa tano 2025, mashindano makubwa ya motokari ya Indianapolis, kule Marekani, yalijaza watu. Nafasi zote za tribune ziliuzwa. Lakini wapenzi wengi waliingia na hasira. Juu ya nini? Juu mwenye uwanja ndiye mwenye championnat, tena ndiye mwenye ekipe moja ya zile zinazoshindana. Na wiki moja mbele ya mashindano, ekipe yake ilikamatwa na kosa.

Tueleze kwanza. Hizi ni motokari za mutu mumoja, magurudumu nje, bila garde-boue, kama zile za Formule 1. Indianapolis ndiyo nyumba yao kule Marekani: uwanja ulijengwa 1909, duara yake kilometa 4, na mashindano makubwa yalianza 1911. Roger Penske, tajiri mwenye ekipe tangu zamani, alinunua uwanja pamoja na championnat ya IndyCar. Mapatano yalimalizika mwezi wa kwanza 2020.

Matata ilikuja mara mbili. Katika 2024, dereva wake Josef Newgarden alishinda mashindano ya kwanza ya saison, kiisha akanyanganywa ushindi: buto ya kuongeza nguvu ya moteur ilikuwa inafanya kazi wakati sheria inaikataza. Katika 2025, motokari mbili za ekipe ile, ya Newgarden na ya Will Power, zilikutwa na kipande cha nyuma kimetengenezwa kinyume cha sheria. Zikapelekwa mwisho wa mustari, na Penske akafukuza wakubwa watatu wa ekipe yake.

Utasema: basi, sheria ilifanya kazi, shida iko wapi? Shida ni kwamba arbitre alikuwa analipwa na kompani ya yule yule patron. Akipiga azabu ndogo, watu wanasema anamuchunga bosi. Akipiga azabu kubwa, wanasema bosi anataka kuonekana mutu wa haki. Sisi wa Katanga hatuhitaji kuelezwa sana: kama mwenye kununua mawe ndiye mwenye mizani, hata siku anapima sawa, creuseur anarudi nyumbani na mashaka.

Tena wapenzi wa kule wako na kumbukumbu ya vidonda. Katika 1996, mukubwa wa uwanja, Tony George, aliunda championnat yake mwenyewe, akaiwekea nafasi 25 kati ya 33. Ekipe kubwa zikakataa, zikafanya mashindano yao Michigan siku ile ile. Tembo wawili walipigana miaka 12, mpaka walipoungana 2008. Katikati ya vita, watu wengi walihamia NASCAR, na wengi hawakurudia.

Katika 2005, Formule 1 ilikuja kwenye uwanja ule ule. Pneu za Michelin hazikuwa na usalama katika kona ya mwisho. Wakubwa wakashindwa kupatana, motokari 14 zikarudi garage, zikabaki 6 tu. Watu waliolipa tike na safari wakatupa chupa kwenye piste. Na wale wa mji wenyewe, kwa miaka mingi walikatazwa kuona mashindano moja kwa moja kwenye télé, ili wanunue tike. Jirani wa uwanja alikuwa anaona nyuma ya watu wote!

Angalia vizuri: kila mara wenye mali walikuwa na mahali pa kuongelea. Ekipe iko na kiti, kompani ya pneu iko na kiti, télé iko na kiti. Katika mwezi wa saba 2025, Fox ilinunua sehemu moja ya tatu ya kompani ya Penske. Mupenzi peke yake hana kiti. Kura yake ni tike, na anaipiga kwa kubaki nyumbani.

Haki iseme pia: Penske ametengeneza uwanja, watu wamerudi, na 2025 télé ya mji iliachiliwa. Championnat imekubali kwamba tangu saison ya 2026 arbitre watakuwa chini ya baraza la pekee. Ni hatua nzuri. Lakini tuulize maswali matatu: nani anachagua baraza lile? Nani analilipa? Nani anaweza kulifukuza? Kama majibu yote matatu yanarudi kwa mutu mumoja, imebadilika jina tu.

Wengi wanafikiri kesho ya motokari hizi iko katika moteur za umeme ao mashindano katika miji mipya. Iko kwanza katika imani. Mizani inatengenezwa wakati soko iko na watu. Kungoja mpaka tribune zikauke, ndivyo walivyofanya 1996.