Sampuli Itangulie Mbeya Kabla ya Mgonjwa

Mwanamke wa Izia aliyetafuta mtoto kwa miaka kadhaa hupokea karatasi ya maabara: prolaktini nanogramu 80 kwa mililita, ilhali kikomo cha kawaida kwa mwanamke asiye na mimba ni takribani 25. Katika maelezo yanayofuata, neno analoondoka nalo ni moja tu, uvimbe. Mahindi huuzwa, na zaidi ya kilomita 300 kupitia Laela na Tunduma hadi Mbeya husafiriwa ili kutafuta picha ya kichwa.

Kabla ya safari hiyo, mhudumu makini huuliza kuhusu mimba, unyonyeshaji, udhaifu wa tezi ya thairoidi, maradhi ya figo, na dawa kama metoklopramidi au haloperidoli. Swali linalosahaulika ni lingine: je, prolaktini hiyo ni huru, au imefungwa na kingamwili?

Katika miili ya baadhi ya watu, kingamwili hushikamana na prolaktini na kuunda donge kubwa liitwalo makroprolaktini. Donge hilo huondolewa mwilini polepole, hivyo hulimbikizana katika damu. Tena kwa ukubwa wake halipenyi kwa urahisi kuta za mishipa, na kazi yake mwilini ni ndogo mno. Mashine, hata hivyo, hulihesabu. Tafiti za nchi mbalimbali zimeikuta hali hii kwa watu 10 hadi 25 katika kila 100 wenye prolaktini ya juu. Idadi hiyo si ya kupuuzwa.

Kuitambua hakuhitaji mtambo mpya. Seramu huchanganywa na polietilini glaikoli, huzungushwa kwa kasi ili madonge yazame, kisha prolaktini iliyobaki juu hupimwa upya. Ikibaki chini ya asilimia 40, sehemu kubwa ilikuwa makroprolaktini. Maabara inapaswa kwanza kuhakiki njia hii kwa mashine yake, kwa kuwa si mashine zote huipokea sawasawa. Isiyoweza na itume sampuli. Chupa ya seramu iliyopoozwa husafiri kwa gharama ndogo kuliko mgonjwa na ndugu wa kumsindikiza. Maabara kubwa nazo zisingoje kuombwa: jibu la prolaktini ya juu lisitoke bila kipimo hiki.

Tahadhari zipo. Makroprolaktini na uvimbe vinaweza kukutana kwa mtu mmoja. Anayepungukiwa na uwezo wa kuona, mwenye maumivu makali ya kichwa, au ambaye prolaktini yake huru nayo iko juu, achunguzwe bila kucheleweshwa. Aliyekwisha anza bromokriptini au kabagolini asiiache kabla ya kuonana na daktari wake.

Naye ambaye prolaktini yake huru ni ya kawaida bado hana mtoto. Uchunguzi uendelee kwingine, zikiwemo mbegu za mumewe, ambazo aghalabu hupimwa mwisho, ikiwa zitapimwa.