Mgeni Apewe Njia, Mwenyeji Apewe Ardhi

Sheria ya Ardhi ya Uskoti ya mwaka 2003 imempa kila mtu haki ya kutembea kwa miguu na kupiga hema nyikani, hata katika visiwa vya mbali, pasipo kulipa ada, ili mradi asiharibu mali wala kuacha taka.

Haki hiyo ni njema. Lakini mtembezi asifuye ukimya wa kisiwa cha Rum hana budi kujiuliza: magofu yale ya mawe yalikuwa makazi ya nani? Mwaka 1826 watu wapatao 300 walihamishwa na kupelekwa Kanada ili kuwapisha kondoo. Ukimya ule haukuumbwa. Uliletwa na uamuzi wa wenye ardhi.

Kisiwa jirani cha Eigg chatoa funzo jingine. Mwaka 1997 wakazi wake, wakishirikiana na halmashauri ya eneo lao na chama cha kuhifadhi wanyamapori, walikinunua. Mgeni apigaye hema huko hupokewa na wenyeji wenye kauli juu ya ardhi yao.

Basi viongozi wenye dhamana ya visiwa, popote walipo, wasimwandalie mtalii mandhari kabla ya kumhakikishia mkazi makazi.