Mfamasia aliyechoka ni hatari kwa mgonjwa

Sheria ya saa za kazi isimamiwe ndani ya famasi za rejareja kwa ukali uleule unaotumika kusaka dawa zilizokwisha muda.

Ukomo upo tayari. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka saa 9 kwa siku na 45 kwa wiki, na cha ziada kilipwe. Lakini wapo watoa dawa wanaofungua asubuhi na kufunga saa nne usiku, wakipokea fedha, wakijibu simu na kukisia mwandiko wa daktari kwa wakati mmoja. Mfamasia msimamizi anayetakiwa kisheria, pengine ni cheti tu ukutani.

Kabamazepini ni dawa ya kifafa. Kabimazoli, yenye jina linalokaribiana nalo, ni ya tezi ya shingo. Anayezichanganya saa tatu usiku huenda si mzembe, ila hana wa kuhakiki kazi yake.

Wamiliki watalalamikia gharama. Zamu ya pili ni gharama ya biashara hii, kama ilivyo pango.

Wenye dhamana waanze ukaguzi wa jioni, wadai daftari la zamu, na leseni ya asiyekuwa nalo isihuishwe.