Hesabu ya Kocha, Hesabu ya Kijiji



Wapendwa, mwaka 2019 Taifa Stars ilirejea Kombe la Mataifa ya Afrika baada ya miaka 39. Huko Misri ikafungwa michezo yote mitatu. Hapa Matai kila kijiwe kilimkataa kocha, na mwezi Julai Emmanuel Amunike akaachana na timu.

Ukali huo huishia wapi? Sheria Namba 7 ya mwaka 1982 imeupa mkutano mkuu wa kijiji mamlaka ya juu kijijini. Kila mkazi aliyetimiza miaka 18 ni mjumbe. Lakini ajuaye udhaifu wa kila beki wa Simba na Yanga hajui michango ya zahanati imetumikaje. Mkutanoni haonekani, jioni hulaumu viongozi kijiweni.

Mtasema mwenyekiti haitishi mkutano. Basi mdaini kama mlivyomdai kocha!

Katika Luka sura ya 16, tajiri aliposikia minong’ono juu ya wakili wake, alimwita atoe hesabu. Hakuishia kunong’ona. Tuwaite viongozi wetu. Nasi mapadre, tuiteni vilevile.